Wimbo wa Mama Kwenye Mpango wa Mji

Kitu cha kwanza nilichotazama kilikuwa vidole vya miguu ya mama. Litungu, ala yetu ya nyuzi, likipigwa popote hapa Mugumu, miguu ya watu huanza yenyewe kugonga chini. Vidole vya mama hujikunja na kung'ang'ania udongo, kama vya mtu aliyesimama kwenye utelezi.

Asubuhi ile yeye alikuwa anakoroga uji, mimi nafagia uwanja. Gari la matangazo likapita taratibu.

"Wananchi wote, saa nane, uwanja wa soko! Njooni mtoe maoni, tutengeneze mpango wa sanaa na utamaduni wa mji wetu!"

Baada ya tangazo wakaweka muziki wa litungu. Vidole vya mama vikajikunja.

"Mama, tutaenda?"

"Nitaenda kuuza mahindi. Watu wakiwa wengi, mahindi yanatoka."

Nilijua anachoogopa. Nilipokuwa darasa la kwanza, mama alienda kucheza kwenye harusi ya mdogo wake. Mdogo wangu wa kiume akawafuata ndama mpaka kwenye lambo, bwawa la kunyweshea mifugo, akazama. Kabla mwaka haujaisha, Nyangwine, mpiga litungu, akatunga wimbo: "Robi ruka, Robi cheza, mtoto kanywa lambo lote." Robi ni mama yangu. Wakifika hapo, wachezaji hufura mashavu na kujifanya wanakunywa maji, na watazamaji hucheka mpaka kushika mbavu. Unapigwa harusini na vilabuni. Watoto wanauimba wakiruka kamba. Nyumbani kwetu jina la mdogo wangu halikutajwa tena.

Shuleni, wakati wa mapumziko, Happy aliniziba njia. Tunakaa dawati moja.

"Scholastica Lambo! Leo wimbo wa mama yako unapitishwa mkutanoni. Utafundishwa shule zote. Na kwenye mtihani utaulizwa, mtoto alikunywa nini?"

Wenzake wakafura mashavu. Nikapita kando yao. Hata mwalimu akiniuliza swali ninalolijua, jibu huishia mdomoni.

Saa nane uwanja ulijaa. Bi Agustina, afisa utamaduni aliyehamia kwetu mwaka huu, alisimama na kipaza sauti.

"Mpango huu ni wenu, si wangu. Nyimbo na ngoma mtakazochagua zitachezwa kila mwaka kwenye tamasha la mji, na watoto watafundishwa."

Mzee Erasto aliomba ukumbi wa ngoma, ili mvua isiwafukuze wachezaji. Mama mmoja aliomba kibanda cha wasusi wa vikapu. Bi Agustina aliandika yote. Kisha akauliza kuhusu nyimbo.

"Nyangwine! Mura, kijana wetu, piga ile ya lambo!" Heche, mwenye bucha, akapaza sauti.

Nyangwine akapiga. Uwanja mzima ukaruka, mashavu yakafura. Mama alikuwa pembeni na beseni lake la mahindi, ameinamisha kichwa.

"Wanaokubali wimbo huu uingie kwenye mpango?" Bi Agustina akauliza.

Mikono ikainuka kila upande. Happy aliinua yote miwili, huku akinitazama. Hata shangazi yangu aliinua wake.

"Wanaokataa?"

Nikanyoosha mkono. Ulikuwa peke yake.

"Kwa nini, mwanangu?"

Nikafungua mdomo, nikamtazama mama.

"Huyo si mtoto wa Robi?" Heche akacheka. "Robi mwenyewe aje acheze basi! Si ndiye fundi?"

Kicheko kikavuma. Bi Agustina hakucheka.

"Kumbe Robi ni mtu wa kweli? Yupo hapa?"

Watu wakamnyooshea mama vidole.

"Na mtoto wa kwenye wimbo, aliitwa nani?" Bi Agustina akamuuliza Nyangwine.

"Mtoto tu, mheshimiwa. Jina halikukaa vizuri kwenye mdundo."

Wengine wakacheka tena. Bi Agustina akamgeukia mama.

"Dada Robi, umeridhia wimbo huu uwe wa mji?"

Mama akatikisa kichwa kukataa.

"Basi hautaingia."

"Mkono mmoja utashindaje uwanja mzima?" Heche akafoka. "Si mlisema tutoe maoni?"

"Mmetoa, na nimeyasikia. Mikono mingi inaonyesha kwamba wimbo unapendwa. Haionyeshi kwamba ni wa haki. Ukimwimba mtu aliye hai, maoni ya kwanza ni yake. Mmeuimba miaka yote hii na hakuna aliyemuuliza. Kama mnataka watoto wajifunze utamaduni, waanze na hilo: usijenge furaha yako juu ya maumivu ya mwenzako."

Nyangwine alivingirisha litungu lake kwenye kitenge, akapita karibu na mama, akatema mate kando ya beseni, akaenda zake. Hakuna aliyemkemea.

Bi Agustina akanifuata na kipaza sauti.

"Wewe ndiye uliyenyoosha mkono. Ulitaka kusema nini?"

Nilikishika kwa mikono miwili. Happy alikuwa bado amefura mashavu, ananingoja nishindwe.

"Aliitwa Gidion," nikasema, na sauti yangu ikatoka kwenye kila spika. "Gidion. Alikuwa mdogo wangu. Na yeye alipenda kucheza."