Unga wa Pofu

Fuso jeupe lilivunja kizuizi cha Kigongo, likaingia darajani.

Kokulinda Ishengoma, mpelelezi wa magonjwa ya mifugo, akakanyaga mafuta. Land Cruiser ikanguruma.

“Uko wapi?” Sauti ya Mkuu Shimba ilikwaruza redioni.

“Mkiani mwao, mkuu.”

“Maabara wamethibitisha. Ubongo wa pofu umetobokatoboka kama sifongo. Magunia yaliyo kwenye Fuso hilo yasifike Sengerema.”

“Nimekupata.”

Ugonjwa ule haukuwa na dawa. Pofu tisa, wale swala wakubwa kama fahali, walikuwa wamekufa nao kwenye bustani ya wanyama ya mwekezaji Lenz, mtaani Pasiansi. Walianza kwa kupepesuka, wakakonda, wakalala wakitokwa udenda. Mizoga ilipaswa kuchomwa hadi majivu.

Lenz aliisaga.

Nyama, mifupa, ubongo, vyote. Akachanganya unga huo na pumba ili magunia yagawiwe bure mnadani kama chakula cha ng'ombe. Ng'ombe wa Usukuma wakishaanza kuanguka, nani ng'ambo angenunua nyama yao? Soko lote lingebaki kwa kampuni yake ya nyama.

Fisi angeona haya kuitwa ndugu yake, Kokulinda aliwaza.

Katikati ya daraja akalipita Fuso, akakata usukani, akaziba njia. Breki zikalia. Chini, ziwa lilimeremeta kwa jua la saa nne asubuhi.

Lenz akaruka chini na bastola. Kofia yake ya kiwindaji haikuwa na chembe ya vumbi.

Glock ya Kokulinda ililia mara moja tu.

Bastola ya Lenz ikaanguka. Naye akaanguka, ameshika kiganja, analia kama mtoto aliyenyang'anywa senene wake wa kukaanga.

Mlango wa pili ukafunguka. Akashuka Dokta Venant, daktari wa bustani ile, mikono juu. Ndiye aliyemfundisha Kokulinda udaktari wa mifugo chuoni. Mzee alisimama kidogo, akingoja shikamoo.

Haikuja.

“Kokulinda, mwanangu...”

“Usiniite mwanangu. Ulitufundisha kwamba ugonjwa huu haufi hata ukiuchemsha. Kisha ukasaini cheti kwamba unga huu ni salama.”

“Dalili huchukua miaka mitano kutokea. Nilidhani...”

“Ulidhani utakuwa umeshazikwa kwa heshima.”

Venant akashusha mikono, akaikutanisha mbele. Askari waliokuja kutoka ng'ambo ya daraja, upande wa Busisi, wakamfunga pingu.

Kokulinda akashika redio. “Mzigo tunao, mkuu. Uende tanuruni wote, na gunia lisifunguliwe.”

“Safi. Na wale pofu wanne waliobaki bustanini?”

Kokulinda akakitazama kiganja chake. Jana mmoja wao alikuwa amemlamba mkono, miguu ikimtetemeka.

“Wote wana dalili. Nitawachoma sindano ya mwisho mwenyewe. Wale hawakumkosea mtu.”

“Mimi ni mwekezaji!” Lenz alipiga kelele kutoka chini. “Mnanijua mimi?”

Kokulinda akamruka kama mtu anavyoruka dimbwi la maji machafu. Akapanda gari, akaligeuza, akashika njia ya Pasiansi.