Habu ya Gurudumu la Kushoto

Rafiki yangu Fanueli, fundi magari wa Ngamiani, hunisimulia haya akiwa amenipa mgongo.

Mwaka hamsini na nne mkewe, Lea, alishikwa na uchungu wa uzazi huko Kigombe. Fanueli akamlaza kwenye tela lake dogo, akalivuta kwa gari la jirani kuelekea hospitali. Njiani gurudumu la kushoto likagoma kuzunguka. Lea akafia palepale, mtoto yungali tumboni.

Baada ya matanga, Fanueli akaanza kulitengeneza lile tela. Akaifungua habu ya kushoto, kile kitovu cha gurudumu chenye beringi, akaiosha kwa mafuta ya taa, akaiacha mezani ikauke. Kupaka grisi ilikuwa kazi ya Lea. Aliishindilia kwa kiganja chenye vidole vinne, cha tano kilikatwa na mashine ya mkonge.

Alasiri mvua kubwa ikatia giza gereji nzima. Fanueli, amekaa mlangoni, akasikia kiganja kikipiga chuma nyuma yake, pwa, pwa.

“Lea, mke wangu?”

Akawasha kandili. Habu ilikuwa imejaa grisi mbichi, na juu yake alama ya kiganja cha vidole vinne.

Kando yake palikuwa na alama ya kiganja kingine, kidogo, cha mtoto mchanga.