Kikuba Kutoka Matrah

Soko la Matrah, Maskati, siku ya Ijumaa jioni halina adabu. Watu wanasukumana, wachuuzi wanaita, moshi wa udi unakuingia puani bila kubisha hodi, na mtu akisimama ghafla mbele yako huna pa kukwepea. Ndivyo Nakitto alivyomkanyaga Jared. Alikuwa amekumbatia chungu cha mrehani alichotumwa na Bibi Masouda, majani yamemfunika uso, haoni anakokwenda.

"Polepole, mrembo! Hivi viatu ndivyo pekee nilivyo navyo."

"Samahani, kaka. Sikukuona."

"Hukuniona? Na urefu huu wote?"

Kweli alikuwa mrefu, shati jeupe limenyooshwa pasi mpaka mikono, lakini kucha zake zilikuwa na udongo. Nakitto alivaa gauni la kijani na mtandio wa maua aliopewa na Bibi. Jared aliutazama mtandio, akamtazama mwenyewe, akasahau alikuwa anakwenda wapi.

"Huo mrehani uweke kivulini," alisema ili tu asiondoke. "Mimi ni mtunza bustani. Kampuni yetu iko mtaa wa Ghala. Lakini niambie, sura ni ya Kampala, mbona unaongea kama bibi wa Unguja?"

Nakitto alicheka. "Sura ni ya Masaka. Kiswahili nimefundishwa na bibi ninayemtunza. Nilifika huku sijui hata kuomba maji."

Walipoachana, namba yake ilikuwa ndani ya simu ya Jared, na kabla ya kulala alikuwa ameshaingizwa katika kundi la WhatsApp lililoitwa Kwako Kumechanua Nini. Humo walikuwamo watunza bustani Wakenya na Waganda, na wasichana wa majumbani wanaoachiwa kazi ya kumwagilia. Kila asubuhi mtu alituma picha ya ua lililofunguka pale alipo. Mwezi wa tano ulikuwa umeingia na joto lake la kuchoma nyayo, lakini mikomamanga ilikuwa imewaka maua, bogenvilia zimefunika kuta, na kando ya barabara ulichanua ule mti mwekundu ambao Bibi Masouda aliuita mkrismasi.

"Mkrismasi mwezi wa tano?" Jared alimcheka kwenye simu.

"Bibi anasema kwao Unguja unachanua Disemba. Huku kila kitu kimepinduka."

"Hata mimi nimepinduka. Nilikuja kutafuta kazi, nimepata ugonjwa."

"Ugonjwa gani tena?"

"Unaitwa Nakitto. Dawa yake ni Ijumaa."

"Ijumaa hii sipewi ruhusa. Meza panadol."

Mapenzi ya wafanyakazi wa ndani Maskati ni ya simu. Ukitaka ya kushikana mikono, ungoje Ijumaa, na Ijumaa yenyewe upewe. Kwa hiyo siku kampuni ya Jared ilipotumwa kupeleka mbolea nyumbani kwa Bibi Masouda, Nakitto aliamka na moyo mwepesi, akapaka mafuta mikononi mara mbili.

Walionana mlango wa nyuma, dakika chache tu. Jared alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, na ndani yake mlikuwa na kishada kidogo cha asumini kilichofungwa pamoja na majani ya mrehani.

"Nimekinunua Matrah kwa mama mmoja. Kinaitwa kikuba. Akaniuliza, 'Cha mkeo?' Nikamwambia, bado."

"Bado?" Nakitto aliuma mdomo asicheke. "Mwanamume una haraka wewe."

"Vaa basi nikuone."

Akakibana kifuani kwa pini. Hakuna kati yao aliyejua alichokuwa anafanya. Kisii kwao Jared na Masaka kwao Nakitto, ua ni ua. Lakini katika nyumba ya watu waliotoka Unguja, kikuba mume humletea mkewe, na mke hukivaa kifuani kwa ajili ya mumewe. Msichana ambaye hajaolewa hakivai. Mama wa Matrah alikuwa amemuuliza Jared swali la maana, naye akaligeuza mzaha.

Nakitto aliingia sebuleni na sinia ya kahawa. Bibi Masouda alikuwa kwenye kiti chake. Mwanawe Safwan ndiyo kwanza amerudi Matrah na samaki, na mkewe Kawthar alikuwa ameketi kando, amevaa gauni jipya la tarizi ambalo mume hakulisemea neno. Harufu ya asumini ilifika kabla ya kahawa.

"Hicho nini?" Kawthar aliuliza.

"Ua, Mama."

"Naliona. Nani kakupa?"

Bibi Masouda alinusa hewani. "Asumini yangu haijafunguka leo. Hiyo imetoka nje."

Kawthar alimgeukia mumewe taratibu. "Wewe umetoka Matrah saa hizi. Tangu fungate iishe hujaniletea hata jani. Kumbe unaleta, ila si kwangu."

"Wallahi sina khabari na kitu hicho!" Safwan aliruka. "Sema we msichana! Nani kakupa?"

Dirisha lilikuwa wazi. Nje, Jared alikuwa akitandaza mbolea, na beleshi lake lilikuwa likisikika likikwaruza kwenye saruji. Nakitto alifungua mdomo. Akakumbuka Jared alivyomwambia kwamba lalamiko moja tu kutoka nyumba ya mteja, mfanyakazi hufutiwa kibali na kupandishwa ndege. Kwao Kisii, nyumba Jared aliyokuwa anamjengea mama yake ilikuwa bado haijaezekwa.

Pale nje, beleshi likasimama.

Nakitto alingoja. Aliweka sinia mezani, sikio liko dirishani. Ataita, alijiambia. Atasema ni yeye.

Beleshi likaanza tena.

"Nimekiokota," Nakitto alisema, na hakuna aliyemwamini.

Kabla ya alasiri alikuwa amerudishwa ofisini kwa wakala, kule wafanyakazi wanakorudishwa kutafutiwa nyumba nyingine. Kilikuwa chumba kimoja chenye magodoro chini na kiyoyozi kilichochoka. Simu yake ilichukuliwa. Waajiri waliokuja kuchagua walinong'onezwa mlangoni, wakamtazama, wakachukua mwingine. Hata wenzake walimwita yule wa mume wa mtu, na mmoja alihamisha godoro lake lisikae karibu naye.

Aliona aibu mpaka akashindwa kula. Lakini alimtetea Jared moyoni kila alfajiri. Hakusikia. Beleshi lina kelele. Angejua, angekwishakuja.

Ndipo Atuhaire, msichana wa nyumba jirani, alipopewa ruhusa ya kumpelekea nguo zake. Nakitto hakusubiri hata salamu.

"Jared anajua niko hapa?"

Atuhaire alikunja kanga iliyokuwa tayari imekunjwa. "Nilimwambia siku ileile, dada. Akanisihi nisimtaje jina."

"Nionyeshe kundi."

"Acha, Nakitto."

"Nionyeshe."

Picha ya mwisho ilikuwa ya asubuhi ile. Mkrismasi mwekundu, umechanua tawi zima, na chini yake sauti ya Jared, ya uchangamfu kama kawaida: "Huku Ghala leo ni huu. Kwako je?" Nakitto alirudisha simu. Hakulia. Alilala akageukia ukutani, na mtu alipomletea chai aliiacha ikapoa.

Siku Bibi Masouda alipokuja, ofisi nzima ilisimama. Alikuja na fimbo yake na baibui lake jeusi, na nyuma yake Kawthar, macho yamevimba.

"Yule kijana kaja langoni kwangu jana," Bibi alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Kasimama juani, kavua kofia, kasema kikuba ni chake. Kampuni yao ishamfuta kazi, yuko kambini Wadi Kabir anangoja ndege. Nikamwambia, mwanamme akipeleka kikuba hufuatisha posa. Akasema basi anaposa. Mwanangu, nna haya na wewe. Inama."

Alitoa kikuba kwenye mkoba, asumini ya bustani yake mwenyewe, akakibana kifuani pake mbele ya watu wote. Kawthar alisema, "Nisamehe, Nakitto." Bibi akabonyeza namba, akampa simu.

"Nakitto? Mpenzi, ni mimi."

"Siku ile beleshi lilisimama," alisema Nakitto. "Ulisikia?"



"Nilisikia."

"Yote?"

"Yote. Aki niliogopa. Nikajiambia hasira zitapoa, watakusamehe. Nikajiambia hivyo kila siku."

"Na mimi niliogopa, Jared. Mimi niliogopa huku nakulinda. Wewe ukawa unatuma picha."

"Nimekosa. Lakini nimesema, na kazi imeenda, na sijuti. Nikifika nyumbani nitakuja Masaka na wazee wangu. Nikubalie nikuoe. Tafadhali."

Machozi yaliyokataa siku zote zile yalimtoka sasa, mengi, yakadondokea asumini. Alimpenda. Alitamani hata pale kumcheka, kumwambia ameze panadol.

"Nakupenda," alisema. "Lakini siku nyingine nikisimama mbele za watu nangoja neno lako, nitalisikia lile beleshi. Safiri salama, Jared."

Akakata simu. Bibi Masouda alimfuta uso kwa ncha ya baibui lake.

"Basi twende nyumbani, mwanangu. Mrehani wako unakungoja."

"Hapana, Bibi. Niombee kwa mwanao Safwan tiketi ya Entebbe."

Alifungua pini taratibu asichane gauni, akatoa kikuba kifuani, akakiweka katika kiganja cha bibi kizee na kumkunjia vidole.

"Nitunzie hiki," alisema. "Bado sijaolewa."