Mikwaruzo ya Mzee Kolumba

Tone la rangi-hai lilitua juu ya kamera, likasita, kisha likaanza kutambaa lenyewe kuelekea kwenye mkwaruzo. Ndani yake mlikuwa na viponyaji, mashine ndogo kuliko punje ya vumbi, kila kimoja kikiwa na akili unde ya kujua jambo moja tu: chuma hiki kilikuwaje siku kilipotoka kiwandani. Vilijaza palipochubuka, vikalainisha, vikang'arisha.

Mhandisi Devota Mkude, aliyeibuni rangi hiyo, hakutulia kitini. Asubuhi ile aliichukua kamera ya baba yake bila kumwambia, akitaka kumrudishia ikiwa mpya kabla hajaenda kazini. Mzee Kolumba alikuwa mpiga picha wa filamu wa mwisho mjini Morogoro, na kazi hazikumwisha. Picha za kidijitali zilirembwa mno na akili unde hata hakuna aliyeziamini, kwa hiyo kila ukoo ulidai walau picha moja ya filamu harusini, ijulikane nani hasa alikuwepo.

Mlango wa maabara ukafunguka.

"Devota, kamera yangu unayo wewe?"

"Ninayo, Baba. Tazama."

Mzee hakutazama. Aliipokea, akapitisha kidole gumba pembeni mwa kisahani cha kuzungusha, kile cha kupangia kasi ya picha, kwenda na kurudi, kisha kwenye pete ya lenzi. Uso ukamshuka.

"Umezifuta alama zangu," alisema.

Akavuta kiti, akakaa. Hapo ilibidi aseme. Watu aliwaona vizuri, lakini tangu mwaka juzi tarakimu ndogo za kamera zilikuwa ukungu mtupu. Miwani ilishindwa, na mboni za kupandikiza mwili wake ulizikataa. Basi akachukua msumari, akakwaruza: mkwaruzo mmoja wa jua kali, miwili ya kivulini, mitatu ya ukumbini. Vidole vikawa vinamsomea.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeninyang'anya kazi."

"Nisingekunyang'anya, Baba."

"Dada yako ulimwambia nimechoka, nihamie kwako nipumzike. Nilikuwa chumba cha pili, nasikia."

 Devota aliona aibu, na aibu ikamfanya aharakishe. Akaokota msumari, akakwaruza kwa nguvu pembeni mwa kisahani. Mkwaruzo ukaonekana, halafu ukajifumba mbele ya macho yake. Akarudia. Ukajifumba tena, upesi zaidi, maana viponyaji vilikuwa vimeshajifunza.

"Inajiponya," alisema kwa sauti ya chini. Miaka yote aliisifu kwa hilo. "Leo nitakaa ubavuni kwako nikusomee namba."

"Na siku uko Dodoma na wanunuzi wako?" Mzee aliuliza bila hasira, jambo lililomuumiza binti yake kuliko kufokewa. "Harusi saa kumi. Akina Mbena wananisubiri."

Devota akajaribu msasa. Alipoparuza huku, rangi ilitiririka kutoka kule kuja kuziba. Ikabaki tindikali, ambayo ingekula kila kitu, hata rangi nyeusi ya zamani iliyokuwa chini.

"Itabaki chuma kitupu, Baba. Itakuwa mbaya."

"Mbaya kwa nani?"

Devota akafungua lenzi, akaziba matundu kwa nta, akapaka tindikali kwenye kamera na kwenye pete ya lenzi. Rangi-hai ilijikunja, ikajaribu kurudi, ikanyauka. Aliposuuza na kukausha, kamera ilikuwa na madoa ya kijivu kama sufuria iliyoungua. Akashika msumari, na mzee akawa anamwelekeza kwa kidole: hapo, sogea kidogo kushoto, kandamiza.

Walipomaliza, Mzee Kolumba alizungusha kisahani akiwa amefumba macho, akasimama papo hapo kwenye alama tatu. Akaivaa kamera shingoni.

"Nipeleke basi," alisema. "Ila tukifika mlangoni uniache niingie mwenyewe."

Devota akamfikisha hadi mlango wa ukumbi, akamwachia mkono. Alibaki nje, akienda na kurudi kibarazani, huku akimsikia baba yake mle ndani akiwapanga watu wazima kama watoto wa shule.