Udongo wa Kitonga

Mulinge hakuwa mtu wa mbali, alikuwa jirani. Ua lao na letu yanagusana hapa Kwa Vonza, kuku zao hutaga kwetu na sisi hatuulizi. Kwa hivyo haya si mambo ya kusikia sokoni.

Siku ile ilianza vizuri tu. Jua lilikuwa lile letu la Kitui, la kukaanga yai juu ya mabati. Mulinge alikuwa anapiga pasi koti lake jeusi, anajiimbia. Alikuwa anangojewa Nairobi kwa mambo ya visa, ile ya watu wanaofanya kazi kwa mtandao. Kampuni iko Ulaya, wewe unakaa popote, na Portugal wanakuambia karibu, njoo ukae kwetu ukifanya hiyo kazi yako. Kata nzima ilikuwa inajua. Hata punda walikuwa wanajua.

Lakini kazi ile ilikuwa na mwenyewe, na hakuwa Mulinge.

Mwenyewe alikuwa Kitonga, rafiki yake wa tangu utoto. Kitonga alikuwa akigusa kompyuta, vidole vinakimbia mpaka kuku zinaingia ndani zikidhani mvua imeanza. Shida yake ilikuwa ulimi. Alikuwa na kigugumizi cha kutisha. Akianza kukusalimia, ungeenda mtoni na mtungi urudi, umkute bado yuko kwa "ha". Kwa hivyo walikubaliana mapema: Mulinge awe mdomo, Kitonga awe mikono. Wazungu waliona sura ya Mulinge, wakasikia Kiingereza cha Mulinge, wakaandika jina la Mulinge. Kitonga alikuwa anakaa pembeni, mahali kamera haifiki, anafanya kazi yote.

Asubuhi hiyo Kitonga aliingia, akasimama mlangoni.

"Mulinge. N-n-nimefikiria. Leo nitamwambia Filipa ukweli."

Filipa ndiye alikuwa mkubwa wao kule.

"Ukweli gani?"

"K-kazi ni yangu. Visa tuanze upya. K-kila mtu na jina lake."

Mulinge alicheka, pasi ikiwa mkononi. "Wewe uongee na Filipa? Huyo mama atazeeka akingoja umalize jina lako."

Kitonga aligeuka, akatembea kuelekea geti. Na hapo getini, kando ya jiwe, kulikuwa kumelala ile nyoka nene ya mabaka, ile inayokaa kama kipande cha gunia. Kitonga aliikanyaga. Nyoka ilimuuma mguu wa kushoto, ikaenda polepole kama mtu aliyemaliza shughuli.

Mulinge alitoka mbio. Alimkuta rafiki yake amekaa chini, ameshika mguu. Kitonga alimwangalia usoni, akaongea. Hakugugumiza hata kidogo. Mara ya kwanza katika maisha yake.

"Nipeleke hospitali."

Pikipiki ilikuwa hapo nyuma ya nyumba, tangi imejaa. Kitui mjini si mbali.

"Nakuja," Mulinge akasema.

Akaenda nyuma. Akavaa koti. Akasukuma pikipiki bila kuiwasha, akapitia njia ya shambani. Alipofika barabarani ndipo akapiga kiki, akaelekea Nairobi.

Kitonga alikutwa baadaye na wanawake wakitoka kuteka maji. Alikuwa ameketi vilevile, macho yameangalia nyuma ya nyumba. Mahali pikipiki hukaa.

Siku ya mazishi watu walijaa mpaka miti ikaelemewa. Mulinge alikuja na koti lake jeusi na akalia kuliko wote. Hakuna aliyejua kwamba nyoka ikiuma, yeye alikuwepo. Pasta aliomba, kwaya ikaimba, halafu wakati wa kutupa udongo ukafika. Hapo mama ya Kitonga, Kaveke, alisimama. Siku mtoto wake anaumwa na nyoka, yeye alikuwa Mbumbuni kwa dada yake. Hakupiga nduru. Aliongea kwa sauti ya chini na watu wote wakasikia.

"Kila mtu atakayetupa udongo hapa, aseme moyoni kwamba mikono yake ni misafi. Kama si misafi, asitupe. Udongo utamfuata."

Pasta alikohoa. Hayo si mambo ya kanisa. Lakini nani angemnyamazisha mama siku hiyo? Kwetu Ukambani, kuapa na udongo si mchezo. Watu wamekwisha boma nzima kwa sababu ya kiapo cha namna hiyo.

Mulinge aliinama, akachota. Alisimama juu ya kaburi na ngumi imefungwa. Akaona Kaveke anamwangalia. Si uso. Mkono.

Basi akatikisa mkono hewani kama mtu anayetupa, akarudi nyuma, na ule udongo akauficha kwa mfuko wa koti. Akajiambia hajaapa. Akajiona mjanja.

Kampuni ilimpa likizo ya kuhama, visa ikatoka, Mulinge akapanda ndege na koti.

Kule Portugal alipata chumba kizuri ghorofani, cheupe mpaka kinaumiza macho. Wasiwasi wake ulikuwa mmoja tu: kazi. Hakuijua. Akimaliza wiki chache bila kuifanya, kampuni ingemfuta, na kazi ikiisha visa inaisha, anarudi Kwa Vonza kuchekwa. Lakini asubuhi ya kwanza alifungua kompyuta akakuta kazi yote imefanywa. Safi. Juu ya herufi kulikuwa na vumbi jekundu.

Mtu mwingine angekimbia. Mulinge alipangusa.

Ikawa hivyo kila siku. Anaamka, kazi iko tayari, vumbi iko. Filipa anamsifu. Mulinge akapiga simu nyumbani kwa dada yake, Mbithe, akajigamba mpaka Mbithe akachoka. "Waambie hapa mimi ndiye nategemewa," akasema. Koti alilitikisa dirishani mara nyingi, udongo wote ukamwagika. Akitia mkono tena mfukoni, kiganja kimejaa.

Halafu siku moja, mchana mweupe, katikati ya mkutano, Filipa akatabasamu kwa kioo.

"Mulinge, huyo rafiki yako hatanisalimia hata leo?"

"Rafiki gani?"

"Huyo nyuma yako. Husimama hapo kila siku."

Mulinge akageuka. Ukuta mweupe. Akaangalia picha yake mwenyewe kwenye kompyuta. Yuko peke yake.

"Leo amesogea karibu," Filipa akasema. "Anaongea. Hii ni lugha ya kwenu?" Akainamisha kichwa, akisikiliza. Halafu yule mama ambaye hajui neno moja la Kiswahili akatamka polepole, kipande kwa kipande: "Ni. Pe. Le. Ke."

Mulinge akafunga kompyuta.

Chini ya meza, mguu wa kushoto ukaanza kuwasha. Akavuta soksi. Matundu mawili. Yanavuja maji.

Madaktari wa kule walishangaa. Nyoka ya namna hiyo haiko nchi yao. Dawa haikushika. Mguu ukavimba, ukang'aa, ukawa wa rangi ya bilinganya. Mulinge akampigia Kaveke.

"Mwaitu," akasema. Mama. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Mwaitu, nisaidie."

"Udongo wa mtoto wangu uko wapi?"

Mulinge alisikia kuku upande ule mwingine.

"Kwa koti."

"Ulete."

"Nitautuma na mtu. Nikiacha kazi sasa, Mwaitu, visa—"

"Ulete wewe mwenyewe." Simu ikakatika.

Alikuja. Kutoka uwanja wa ndege alichukua teksi moja kwa moja mpaka Kwa Vonza, jasho likimtiririka, koti amelikumbatia kama mtoto. Dereva alisimulia baadaye kwamba gari lilikuwa zito, kama limebeba watu wawili wazima, na kioo cha nyuma kilikuwa kinapata ukungu upande ambao hapakuwa na mtu. Alimshusha kwa geti la Kaveke, akaondoka kwa kasi bila kungoja asante.

Ilikuwa saa ya jua la utosi. Kaveke alikuwa amekaa kivulini, sinia magotini, akiambua mbaazi.

Mulinge alipiga hatua, mguu ukakataa. Akaanguka hapo getini, akajivuta akaketi. Koti likamponyoka.

"Mwaitu."

Kaveke aliinua macho.

"Nipeleke hospitali."

Yule mama alimwangalia. Muda mrefu.

"Nakuja," akasema.

Akachukua mbaazi nyingine. Akaiambua. Akachukua nyingine.

Majirani walipofika, sinia ilikuwa imejaa na Mulinge alikuwa amekwisha. Mdomo wake ulikuwa umepasuka pembeni kwa kujazwa udongo mwekundu. Mfuko wa koti ulikuwa mtupu, msafi, kama umefuliwa. Kaveke hakuwa ametoka kivulini. Vumbi ya uwanja ilikuwa imelala, haina nyayo zake.

Walimzika. Mbithe ndiye alibaki na simu ya kaka yake. Siku ya pili baada ya mazishi simu ikalia, ya kuonana uso kwa uso. Alikuwa Filipa, mchangamfu, hajui lolote.

"Niko natafuta Mulinge nimshukuru. Kazi ya leo imekuja nzuri sana."

Mbithe akasema kaka yake amefariki. Filipa akacheka kidogo, kama mtu asiyeelewa mzaha.

"Hapana. Tumemaliza mkutano sasa hivi. Leo wamebadilishana viti, yule rafiki yake ndiye amekaa mbele. Anaongea vizuri, sijui kwa nini alikuwa ananyamaza. Mulinge alisimama tu huko nyuma." Kisha akaongeza. "Mwambie ameze kwanza hicho anachokula. Nilimsalimia, akashindwa kufungua mdomo."

Mbithe akaweka simu juu ya meza. Alipoinua mkono, kiganja kilikuwa chekundu.