Kipande cha Chiriku

Godoro lilikuwa limeshapanda mkokotenini, juu yake sanduku, na juu ya sanduku ndoo ya vyombo vya mtoto. Mjomba wa mkokoteni alikaza kamba huku mguu mmoja ameuegemeza kwenye gurudumu. Dada yake Chiriku alikuwa anahama. Mumewe alipata kazi ya ualimu huko milimani kwenye baridi, akatangulia, na basi la kwenda huko lilikuwa linaondoka asubuhi hiyo hiyo.

Chiriku alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Leo alisimama mlangoni kimya.

"Unaumwa?" akauliza shangazi yao, aliyewalea wote wawili.

"Siumwi."

"Basi leo mvua itanyesha mawe," akasema Nesi, jirani yao. "Chiriku amefunga kinywa."

Kila Jumamosi alasiri, wanawake hawa walikutana katika chumba cha mbele cha Fundi, mshonaji wa mtaa. Nguo za wateja zilisukumwa pembeni. Nesi alifuma soksi, Shangazi alidarizi foronya, na Fundi, aliyekanyaga cherehani wiki nzima, alifuma kwa sindano ili kujipumzisha. Umbea ulikuwepo, tena wa kutosha, lakini mikono haikusimama. Kanuni ilikuwa moja tu: hakuna anayefumua kazi ya mwenzake. Ukikosea unaambiwa, kisha unafumua mwenyewe mbele ya wote, nao wanakungoja.

Chiriku aliingizwa humo juzijuzi, baada ya kubembeleza sana. Dada yake alipojifungua, walikubaliana kumfumia mtoto blanketi la vipande, kila mmoja na chake, Fundi aje kuviunganisha. Chiriku akawa wa kwanza kusema amemaliza, na alilisema kwa maringo. Alipofika nyumbani ndipo akaona. Vidole viwili kutoka ukingo wa juu, kitanzi kimoja kilikuwa kimeponyoka na kuacha tundu. Afumue mbele ya watu aliowaringia? Akalifunga tundu kwa uzi wa kushonea, akapaka gundi kwa nyuma. Fundi, macho yakiwa yamechoka, akaviunganisha vipande bila kuvigeuza.

Sasa dada yake alikuwa anamfunika mtoto. Mtoto akaikamata pembe ya blanketi, akaipeleka mdomoni. Ilikuwa pembe ya Chiriku.

"Dada, itoe mdomoni mwake," Chiriku akasema.

"Nini tena?"

"Hicho kipande. Kina gundi."

Mjomba akaiacha kamba. Fundi, aliyekuja kuwaaga pia, alilichukua blanketi, akaligeuza, akapitisha kidole gumba. Gundi ilikuwa imekauka, ngumu kama ukucha.

"Nani kapaka?"

"Mimi. Kitanzi kiliponyoka, na nilishasema nimemaliza." Machozi yakamtoka. "Niliogopa mtaniambia nirudi nikacheze na watoto."

"Lete nifumue haraka," akasema Shangazi. "Basi halimngoji mtu."

"Hukufuma wewe," Fundi akamjibu.

"Mtu anasafiri, na wewe bado una kanuni?"

Fundi aliingia kwake, mlango wa pili, akarudi na mkasi, sindano za kufumia na bonge la uzi wa njano, maana ule wa bluu wa Chiriku ulikuwa umekwisha. Akakata mshono upande mmoja wa kipande.

"Panda juu ya godoro. Utafumua tukienda."

"Tulipatana godoro, sanduku na ndoo," akasema Mjomba. "Mtu hakuwemo."

"Huyu ni mwepesi," Nesi akasema. "Uzito wake wote uko mdomoni."

"Basi aufunge, nisukume."

Wakaenda, dada na mtoto mbele, mkokoteni katikati, wanawake pembeni. Chiriku alifumua mpaka chini ya tundu, akaikata sehemu yenye gundi, akaunga uzi wa njano. Akavipandisha vitanzi kimoja kimoja kwenye sindano na kuanza kufuma. Gurudumu likaingia shimoni, mkokoteni ukaruka, na kitanzi kikaponyoka tena.

Akawatazama wote. "Mjomba, naomba usimame. Kimeponyoka."

Mjomba akasimama. Fundi alionyesha kwa kidole bila kugusa. "Kile pale. Kidake kabla hakijashuka."

Akakidaka. Walipofika stendi, basi lilikuwa linanguruma na utingo anaita watu. Mizigo ikapanda. Chiriku akafunga kitanzi cha mwisho, na Fundi akarudisha mshono akiwa amesimama, sindano ikienda mbio. Kipande cha bluu sasa kilikuwa na kichwa cha njano.

Dada yake alimkumbatia, mtoto akiwa katikati yao. "Ungeniambia tangu siku ile, mdogo wangu, ningekungoja vilevile."

Wakati wa kurudi, Chiriku alitembea nyuma ya Fundi. "Jumamosi nije?"

"Kwa nini usije?"

"Nilidanganya."

Fundi akapunguza mwendo mpaka wakawa sambamba. "Kuponyokwa na kitanzi si aibu. Mimi mpaka leo vinaniponyoka. Kosa lako ni kuficha. Ungesema siku ile ile, ungefumua safu chache, tungekucheka kidogo, yakaisha. Umeficha, na kosa likafika mdomoni mwa mtoto asiye na habari. Ukikosea, sema mapema, kisha rekebisha kwa mkono wako. Na leo, uliposema, nilikuona ukiogopa na bado ukasema. Hilo nalo nimelihesabu."

Miaka imepita sasa, na dada yake Chiriku bado anaishi milimani. Amepata mtoto wa pili, na yule wa kwanza ameanza shule. Nesi alihamishiwa hospitali nyingine. Shangazi anadarizi foronya na kuziuza sokoni. Mjomba aliacha mkokoteni mgongo ulipokataa, sasa anauza mkaa. Macho ya Fundi yamefifia, cherehani ameiuza, lakini hufuma kwa kupapasa. Chiriku yuko sekondari, na kila Jumamosi yeye ndiye anayefungua dirisha na kupanga viti kwa Fundi.