Uongo wa Kiti cha Dirishani

"Dada, naomba hicho kiti cha dirishani."

"Hapana."

"Nikikaa huku ndani, kona za Chuka zitanitapisha."

"Ungekuja mapema kama mimi."

Nilikuwa nimefika steji ya Meru saa nzima kabla ya basi kujaa, kwa ajili ya kiti hicho. Kila Jumapili narudi Embu, ambako nauza dawa za mifugo, na dirisha ndiyo raha yangu ya wiki. Nilikuwa pia nimetoka kuongea na Baba kwa simu, kwa sauti kubwa, habari za mkutano wa ukoo wetu kule Kibirichia. Kijana huyo aliyekumbatia miche ya makadamia alikuwa amesikia yote.

"Basi nisikilize," akasema. "Babu yangu alitoka Tharaka. Ukoo wetu na wenu ni gichiaro."

Nikasimama mara moja.

Kama hujui, gichiaro ni undugu wa kiapo ambao mababu zetu waliapa kati ya koo na koo. Mtu wa gichiaro akikuomba kitu, humnyimi. Baba alitulea akituambia anayemnyima anajitafutia laana, na mimi sikuwa tayari kulaaniwa kwa sababu ya dirisha. Kijana akakaa, akalala mdomo wazi hadi aliposhuka Runyenjes, kabla ya Embu. Hata hizo kona hakuziona!

Jumapili iliyofuata nikamkuta tena kwenye basi hilo hilo. Jina lake Njura, wa Runyenjes, na kila Jumamosi huuzia wakulima wa Ruiri, huko kwetu Meru, miche.

"Hayo mahindi unakula peke yako?"

"Ni yangu."

"Huwezi kuninyima."

Nikamkatia nusu. Jumapili ya tatu akaomba namba ya simu.

"Huwezi kuninyima," akasema, na huku anacheka.

Nikampa. Nyumbani nikamsifu kwa wazazi, na Baba akafurahi mpaka akamtumia gunia la viazi. Mwenye kulibeba hadi steji ni mimi.

Shida ni kwamba Njura alikuwa mtamu. Alinichekesha mpaka abiria wa mbele wakageuka. Alijua nikichoka, alijua nikinyamaza kwa hasira. Na gichiaro ina upande wa pili ambao kila Mmeru anaujua: mtu wa gichiaro ni ndugu, na ndugu hawaoani. Nilimpenda, nasema wazi, na nikaanza kumwita kaka ili nijikumbushe.

"Kaka, umefika?" nilimwandikia jioni moja.

"Nimefika. Hiyo kaka yako inaniumiza masikio," akajibu.

Miezi sita ikapita hivyo. Jumapili moja tumeshapita Chuka, akanishika mkono.

"Kendi, nataka kukuoa. Na unajua huwezi kuninyima."

Machozi yakanitoka papo hapo.

"Hicho tu ndicho ninachoweza kukunyima, Njura."

"Kwa nini? Kuna mwingine?"

"Gichiaro hawaoani! Wewe ni ndugu yangu!"

Akaniachia mkono.

"Hawaoani? Mimi niliambiwa tu hawanyimani."

"Uliambiwa na nani? Si ni babu yako?"

Akaangalia miche yake, akaangalia nje.

"Kendi, usinipige. Babu yangu alizaliwa Runyenjes na akazikwa Runyenjes. Hiyo maneno ya gichiaro niliisikia kwa wateja wangu Ruiri. Nilitaka dirisha tu."

Nilifurahi. Kisha nikakasirika. Kisha yote mawili yakaja pamoja, nikampiga na mkoba.

"Miezi sita, Njura! Miezi sita nimemwomba Mungu akutoe moyoni mwangu!"

"Na amenitoa?"

"Aki nyamaza!"

Hata kabla basi halijafika Embu nikampigia Mama.

"Mama, Njura si gichiaro. Alidanganya."

"Amedanganya lini? Siku ile ama leo?"

Nikamtazama Njura, naye akajifanya anahesabu miche.

"Baba yako yuko hapa, amesikia," akasema Mama. "Anasema huyo kijana aje Jumamosi. Asipokuja, asikupigie simu tena."

Jumamosi Njura akaja Kibirichia na shati jeupe na jasho, ingawa kwetu kulikuwa na baridi. Baba, Mzee Kobia, alikuwa ameketi na kofia yake kwa goti. Mama Igoki akaweka chupa ya chai mezani, lakini hakumimina.

"Mzee, nilidanganya," Njura akaanza. "Naomba msamaha."

"Viazi vyangu ulikula?"

"Nilikula, Mzee."

"Gunia lote?"

"Na mama yangu alinisaidia."

Mimi nusura nicheke. Baba hakucheka.

"Gichiaro si mchezo wa basi, kijana. Sasa mtu anaweza kudanganya ndio apewe kiti. Anaweza pia kudanganya ndio apewe msichana. Mimi nitajuaje uongo ni upi?"

"Nitaleta wazee wetu waseme."

"Wazee wako watasema unachotaka."

Nikaona mambo yanaharibika mbele ya macho yangu. Nilitaka kusema kitu, Mama akanikanyaga mguu. Baba akasimama, akamsogelea Njura.

"Ulisema wewe ni gichiaro yangu, na gichiaro hanyimi. Basi nakuomba mbele ya huyu mama: toka hapa sasa hivi, na usimtafute Kendi tena maisha yako yote."

Njura ni mtu wa heshima, sijawahi kumwona akibishana na mzee, hata mzee aliyemkalia miche. Nilijua atainamisha kichwa, aseme sawa, aende.

Akainamisha kichwa kweli.

"Hapana, Mzee."

"Umesemaje?"

"Nimekataa. Nipige faini, nilaani ukitaka. Lakini Kendi siwezi kumwacha."

Na hakusogea. Baba akamgeukia Mama.

"Igoki, umesikia? Ameninyima."

"Nimesikia."

"Ndani ya nyumba yangu. Mtu wa gichiaro angeogopa laana, angekuwa ashafika kwa geti." Akaketi, akavaa kofia. "Huyu hana undugu na sisi hata kidogo. Mpe chai."

Njura akanigeukia, rangi imemtoka.

"Kendi, amekubali ama amekataa?"

"Amekubali."

Akakaa chini bila kukaribishwa, akafunika uso, akalia mbele ya wakwe zake watarajiwa. Baba akaniuliza kwa Kimeru analilia nini, na faini ya kutania kiapo ni kondoo mmoja tu.

Kondoo aliletwa mwezi uliofuata, akiongozana na wazee wa Runyenjes. Mwezi wa Agosti tukafunga ndoa. Mchungaji alipouliza kama kuna mtu mwenye sababu ya kuipinga, Baba alisimama, akageuka, akaanza kuwatazama watu kanisani mmoja mmoja, na alipomaliza safu ya mwisho akaketi, akamwambia mchungaji aendelee.